Jalada la Maskini Si Karatasi ya Kufungia Karanga

Bibi amefika ofisi ya ustawi wa jamii asubuhi na mapema, kitenge kiunoni, mjukuu mgongoni. Kijana aliyeko mezani anainuka kidogo. "Shikamoo, bibi." "Marahaba, mwanangu." Adabu imetimia. Kisha kijana huyohuyo anavuta droo, anairudisha, anachungulia juu ya kabati, anarudi kuketi na kumwambia bibi kwamba faili lake halionekani, aje wiki ijayo. Wiki ijayo anaambiwa afisa aliyekuwa akilishughulikia amehamishwa. Akija tena anaambiwa aanze upya: aeleze mtoto ni wa nani, baba yake yuko wapi, mama yake alifariki kwa maradhi gani, jana usiku walikula nini. Yote aliyokwisha kuyasema akilia, ayaseme tena mbele ya mtu mwingine, mlango ukiwa wazi na foleni ikisikiliza.

Nasema bila kuzungukazunguka: ofisi iliyopoteza jalada la bibi huyu imemwibia. Na ofisi iliyolitupa bila kufuata sheria imemwibia na kumvua nguo hadharani. Tumezoea kuliita jambo hili uzembe mdogo wa masjala, kitu cha kucheka na kukizoea kama foleni ya daladala. Mimi sikubali. Nchini mwetu maskini ananyimwa haki yake kwa njia nyingi zenye kelele, na hii ni ile ya kimyakimya ambayo haina hata mtu mmoja aliyewahi kuijibia.

Tazameni kwanza kilichomo ndani ya jalada hilo. Mwenye nacho akienda ofisi ya serikali anapeleka kitambulisho, namba ya mlipakodi, na wakili akipenda. Maskini anapeleka maisha yake yote. Anaulizwa paa la nyumba ni la nini, wanalala wangapi chumba kimoja, wanakula milo mingapi, choo kikoje. Mama anaulizwa kama ana uhakika baba wa mtoto ni yuleyule anayemtaja. Msichana anaulizwa aliyemfanyia unyama ni nani, alimfanyia wapi, na mara ngapi. Mgonjwa anataja dawa anazomeza. Hakuna raia anayejifunua mbele ya serikali kuliko mtu anayeomba msaada wa serikali, na anajifunua kwa sababu hana njia nyingine. Serikali nayo, kwa kukubali kuyaandika hayo yote, imejifunga: itayatunza, itayatumia kumsaidia, haitayasambaza. Huo ni mkataba hata kama hakuna aliyeutia saini. Na upande mmoja wa mkataba huo umeshatimiza sehemu yake siku ya kwanza kabisa.

Chukueni suala la matunzo ya watoto, ambalo ndilo linalojaza mabenchi ya ofisi hizi. Wenye umri wanaikumbuka sheria ya zamani, Sura ya 278, iliyoweka kikomo cha shilingi 100 kwa mwezi kwa mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa. Shilingi mia moja! Kikomo hicho kiliendelea kuwepo kwenye vitabu hadi Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 ilipoifuta sheria ile. Wanaharakati walipigana miaka na miaka kuuondoa udhalili huo, na sheria mpya ni nzuri. Lakini sheria nzuri inasimama juu ya karatasi. Mama analeta malalamiko. Baba anaandikiwa barua ya wito. Wanakaa mbele ya afisa, wanasikilizana, wanaandikishana: kiasi fulani, kila mwezi, ada ya shule nusu kwa nusu. Baba anatia saini au dole gumba. Mwezi wa kwanza analipa, wa pili analipa, wa tatu anazima simu. Mama anakwenda mahakamani na hakimu, kwa haki kabisa, anataka kuona makubaliano na taarifa ya afisa ustawi. Vyote viwili viko kwenye jalada. Jalada halionekani. Baba anatoka mahakamani akiwa ameshinda kesi ambayo hakuijibu.

Kwa hiyo tuache kudanganyana kwamba jalada likipotea tumepata hasara sote. Kila jalada linalopotea lina mtu linalomfaidi. Linamfaidi baba aliyekana damu yake, linamfaidi mjomba aliyemharibu mpwa wake na familia ikamficha, linamfaidi kiongozi wa mtaa aliyejiandikia msaada wa mjane. Aliyefanya kazi katika korido hizi anajua kuna majalada yanayoliwa na mchwa na kuna majalada yanayoliwa na watu. Masjala isiyo na kitabu cha kuonyesha nani alichukua jalada gani na lini haiwezi kututofautishia mchwa na mtu, na kuna watu wanaoipenda hali hiyo ibaki hivyohivyo.

Aprili 2018 Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam wa wakati ule aliwaita ofisini kwake wanawake waliotelekezewa watoto. Walikuja kwa maelfu. Walijaa uwanjani, watoto mgongoni na wengine wakiburuzwa kwa mkono, wakapanga foleni juani huku kamera zikiwapiga. Wanasheria na maafisa ustawi wa jamii waliwasikiliza na kuandika. Nchi nzima ilizungumza juu ya majina ya wanaume yaliyotajwa. Wiki chache baadaye ikahamia kwenye habari nyingine. Mimi sijahama. Kila mwanamke aliyesikilizwa siku zile aliacha nyuma maelezo yake: jina la mtoto, jina la baba, mahali walipokutana, ahadi alizopewa. Kichanga aliyekuwa mgongoni siku ile leo anavaa sare za shule ya msingi. Yeye ndiye mwenye maelezo yale kuliko mkoa, kuliko mkuu wa mkoa yeyote. Serikali iliyomwita mama yake hadharani inawajibika kumwonyesha, hadharani vilevile, karatasi zake ziko kabati gani na ufunguo anao nani.

Upande wa Mfuko wa Maendeleo ya Jamii (TASAF), wenzetu wamejitahidi zaidi na nitawapa haki yao. Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini uliozinduliwa mwaka 2012 una utaratibu wa maandishi: majina yanatajwa kwenye mkutano wa hadhara wa kijiji au mtaa, dodoso linajazwa nyumba kwa nyumba, majina yanarudi mkutanoni, kaya inaingizwa kwenye orodha ya walengwa. Mtoto akienda kliniki au shule, inaandikwa. Ni kazi kubwa, na imegusa kaya zaidi ya milioni moja. Lakini kumbukeni Februari 2020, kipindi cha pili cha awamu ya tatu kilipozinduliwa: habari iliyotawala ilikuwa kaya hewa. Baada ya uhakiki, zaidi ya kaya 73,000 zilikuwa zimeondolewa. Waliofariki walikuwemo, waliohama walikuwemo, viongozi wa vijiji walikuwemo. Waondoke, na waliokula fedha zile warudishe.

Lakini aliyeondolewa kwa makosa anajitetea kwa nini? Mama aliyekuwa hospitalini anauguza siku ya uhakiki, akaandikwa kwamba hayupo, atatoa ushahidi gani? Dodoso lake analo mwingine. Maelezo ya mkutano wa kijiji yako kwenye daftari la mtendaji aliyehamishwa. Yeye ana kadi iliyochakaa na neno lake, na neno la maskini mbele ya orodha ya kompyuta halina uzito. Jalada lililotunzwa vizuri lingembana mwizi na lingemtetea mnyonge kwa karatasi ileile moja. Ndiyo maana nashangaa tunapotangaza vita dhidi ya kaya hewa huku chumba cha majalada kikiwa ndicho chumba chenye paa linalovuja.

Kila mwaka ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali ikitoka, tunasoma juu ya halmashauri zilizolipa fedha na hati za malipo hazikuonekana. Bunge linawaka. Mkurugenzi anaitwa mbele ya kamati, mhasibu anatakiwa kujieleza kwa maandishi, hoja inabaki wazi mpaka ijibiwe. Sawa kabisa. Mali bila daftari hupotea bila habari. Sasa niambieni: jalada la mtoto aliyebakwa na ndugu yake likipotea, nani anaitwa? Kamati gani inakaa? Hoja gani inabaki wazi? Hati ya malipo ya mafuta ya gari la mkurugenzi ikipotea, anahojiwa mhasibu. Jalada la mtoto likipotea, anahojiwa mtoto. Anakalishwa tena kwenye kiti, anaambiwa asimulie tena. Sina namna ya kuliandika jambo hili kwa upole na sitaki kuitafuta.

Nije kwenye upande wa pili wa dhuluma hii, upande wa kutupa.

Karatasi iliyokwisha kutumika ina soko lake, na sote ni wateja. Karanga, bagia, vitumbua, chipsi za jioni, vyote vinafungwa kwenye karatasi iliyoandikwa upande mmoja au pande zote mbili, na tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Juni 2019, bahasha za karatasi ziko kila genge. Nilinunua karanga stendi, nikazimaliza, nikafungua kikaratasi nikitafuta pa kukitupa. Kilikuwa nusu ya fomu ya kumtambua mtoto aishiye katika mazingira hatarishi. Jina la mtoto lilikuwa kamili, la kwanza, la baba na la ukoo. Uhusiano na mlezi: bibi mzaa mama. Kipato cha mlezi: kuuza maandazi. Kisanduku cha hali ya wazazi kilikuwa na alama ya vema, na pembeni mtu ameandika kwa kalamu ya bluu, kwa mwandiko mzuri wa kujivunia, sababu ya kifo cha mama. Mafuta ya karanga yalikuwa yamelowesha jina la kijiji lakini bado lilisomeka. Nilimuuliza muuzaji karatasi anazitoa wapi. "Tunapimiwa kwa kilo, mzee." Hakuwa na kosa lolote, na hata hakuona ninachokiona. Niliichana karatasi ile vipande vidogovidogo nikavitia kwenye jiko la mama lishe aliyekuwa jirani, na nikasimama hapo mpaka ikawa majivu. Kazi ambayo ofisi moja ya umma ililipwa mshahara kuifanya ilifanywa na mpita njia kwenye moto wa kupikia ugali.

Yule mtoto yuko hai. Ana rafiki shuleni, ana maadui shuleni. Fikiria kikaratasi kile kingeangukia mikononi mwa nani.

Na msiniambie sheria haipo. Sheria ya Menejimenti ya Kumbukumbu na Nyaraka Na. 3 ya mwaka 2002 ipo. Inamfanya mkuu wa kila taasisi ya umma awajibike kwa kumbukumbu za taasisi yake, na inakataza kuziharibu bila idhini. Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ipo, na kule Dodoma kipo kituo cha taifa cha kutunzia kumbukumbu tuli. Utaratibu unafahamika na kila afisa masjala aliyesomea kazi yake: shauri likiisha jalada linafungwa, linaandikwa kwenye orodha ya yaliyofungwa, linawekewa muda wa kutunzwa kulingana na aina yake, muda ukifika linapitiwa, lenye thamani ya kudumu linapelekwa kwenye Nyaraka za Taifa, lisilo na thamani hiyo linaombewa idhini na kuteketezwa mbele ya mashahidi, na orodha ya yaliyoteketezwa inabaki daima. Si elimu ya nyota hii. Ukiona jalada la ustawi limefungia karanga, ujue hatua hizo zote zimerukwa na mtu mmoja aliyetaka kupata nafasi ya kuweka kiti chake.

Juu ya hiyo, tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, na Tume yake iliyozinduliwa na Rais Aprili 2024. Sheria hiyo inataka taarifa za mtu zisikae muda mrefu kuliko zinavyohitajika, na inampa mwenye taarifa haki ya kujua kilichoandikwa juu yake. Mpaka sasa tunaizungumza sheria hii tunapozungumzia benki, kampuni za simu na mikopo ya mtandaoni inayowatukana watu kwa ndugu zao. Vema, wabanwe. Lakini natamani Tume ifike siku moja bila taarifa kwenye ofisi ya ustawi ya halmashauri, ikaombe kuonyeshwa kabati. Kabati tu.

Najua utetezi utakaokuja, maana nimeusikia mara nyingi. Hatuna nafasi. Hatuna bajeti. Afisa ni mmoja, kata ni nyingi. Yote ni kweli, na wenye kuyasema mara nyingi ni maafisa wenyewe ambao nawaheshimu, watu wanaonunua kalamu na karatasi kwa fedha zao na kumsindikiza mtoto polisi kwa nauli yao. Hasira yangu haiwahusu. Inawahusu waliowaweka watu hao katika chumba kimoja na stoo ya matairi. Inawahusu wakurugenzi wanaoiona masjala kuwa mahali pa kumpeleka mtumishi aliyeadhibiwa au aliyeshindikana kwingine, kisha wanashangaa kwamba barua hazionekani. Na inawahusu wapangaji wa serikali walioihamisha idara hii ya ustawi kama mpangaji asiyelipa kodi. Ilikuwa chini ya Wizara ya Kazi, ikapelekwa Afya. Mwaka 2015 wizara ikaunganishwa ikawa ya Afya, Maendeleo ya Jamii, Jinsia, Wazee na Watoto. Januari 2022 ikagawanywa tena. Huko chini maafisa wako halmashauri, chini ya Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa (TAMISEMI). Halmashauri nazo zinagawanywa, zinahamishwa makao, nyingine zinavunjwa kabisa, kama lilivyovunjwa Jiji la Dar es Salaam Februari 2021 na hadhi yake kupewa Ilala. Kila unapotokea mgawanyo kama huo, tume inaundwa ya kugawana magari, madeni na majengo. Majalada ya watu wenye shida yanafungwa kamba ya katani na kusubiri lori litakalobaki na nafasi.

Wengine watanijibu kwamba muda si mrefu kila kitu kitakuwa kwenye mfumo, karatasi zitakwisha zenyewe. Mfumo nautaka. Lakini ukiingiza vurugu kwenye kompyuta unapata vurugu inayosafiri kwa kasi zaidi. Nani mwenye nywila? Inabandikwa ukutani? Kijana wa kujitolea aliyemaliza mkataba amefungiwa akaunti yake? Picha za majalada zilizopigwa kwa simu ya afisa na kutumwa kwenye kundi la WhatsApp la ofisi ili "kurahisisha kazi" zitafutwa na nani, na kwenye simu ngapi? Maswali ya karatasi hayakufa kwa kuingia umeme, yameongezeka.

Wapo pia wanaojihami kwa kutotupa chochote. Chumba kimejaa mpaka dirishani, majalada ya watoto waliokwisha kuwa wazazi, na mkubwa anajisifu kwamba yeye hajapoteza hata karatasi moja. Ndugu yangu, jalada usiloweza kulipata umelipoteza. Na jalada ambalo limekwisha kazi yake bado ni siri ya mtu. Mwanamke aliyeomba msamaha wa gharama za matibabu miaka ishirini iliyopita, leo ana duka lake na wajukuu. Hana sababu ya maelezo ya ufukara wake kusomwa na kila mwanafunzi wa mafunzo kwa vitendo anayetumwa kupanga chumba.

Tusijidanganye vilevile kwamba faragha ni sababu ya kuchoma kila kitu. Uingereza ilifanya hivyo. Mwaka 2010 idara ya mambo ya ndani ya nchi ile iliharibu kadi za kuwasili za watu waliotoka visiwa vya Karibi miaka ya 1950 na 1960, na baadaye ikajitetea kwamba ilifanya vile kulinda taarifa binafsi. Watu wale walikuwa wameishi kihalali miaka hamsini, wamelipa kodi, wamezika wazazi kule. Walipotakiwa kuthibitisha lini waliingia, karatasi ambazo zingewasemea zilikuwa zimekwisha kuteketezwa. Walifukuzwa kazi, wakanyimwa matibabu, na wengine wakapakiwa ndege kurudishwa nchi wasizozijua. Kashfa ililipuka Aprili 2018, mwezi uleule ambao wanawake wetu walikuwa wamesimama juani Dar es Salaam. Afisa wa kwetu anayefikiri Sheria ya Taarifa Binafsi imempa kiberiti aisome habari hiyo kwanza.

Nchi ileile ina la kutufundisha la upande mwingine. Graham Gaskin alizaliwa mwaka 1959, mama yake akafariki kabla hajafikisha mwaka, halmashauri ya jiji la Liverpool ikamchukua na akakulia mikononi mwa walezi wa kulipwa. Alipokuwa mtu mzima alidai alitendewa vibaya, akataka kusoma jalada lake. Akapewa kidogo na kunyimwa kingi, kwa hoja kwamba walioandika taarifa zile waliandika kwa siri. Mwaka 1989 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu iliona kwamba mtu aliyelelewa na serikali ana haja ya msingi ya kuujua utoto wake, na kwamba Uingereza ilikosea kwa kutoweka chombo huru cha kuamua pale mwandishi wa taarifa anapokataa isomwe. Leo kule England jalada la mtoto aliyelelewa na halmashauri linatunzwa mpaka tarehe ambayo angetimiza miaka 75, na la aliyeasiliwa linatunzwa miaka 100. Maana mtoto huyo hana shangazi wa kumsimulia alikuwaje alipokuwa mdogo. Shangazi yake ni jalada. Watoto wetu waliookotwa, waliolelewa kwenye makao, walioasiliwa na kupewa majina mapya, watakuja wakiwa na miaka arobaini kuuliza walikotoka. Waje wakute nini?

Halafu kuna miradi ya wafadhili. Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje kwa amri ya siku moja, na kazi ya miaka mingi ya kuwahudumia yatima na watoto walio hatarini ikakatika ghafla. Machi mwaka huohuo, wafanyakazi waliosalia wa USAID, shirika la misaada la Marekani, mjini Washington walielekezwa kuchana na kuchoma nyaraka za ofisi, na vyama vya wafanyakazi vikakimbilia mahakamani. Hiyo ilikuwa ofisi kubwa yenye wanasheria wake. Huku kwetu miradi ilikuwa na daftari zake vijijini: majina ya watoto, majina ya walezi, nani anameza dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI na nani ameacha. Mradi ukifungwa, magari yanarudishwa yakiwa yamehesabiwa, pikipiki pia, hata viti vinakabidhiwa kwa hati na saini. Daftari za watoto wale nazo zikabidhiwe kwa hati na saini, kwa halmashauri, jina kwa jina, na mkurugenzi aseme amezipokea. Mfadhili anaruhusiwa kuondoka na fedha zake. Haruhusiwi kuondoka na siri za watoto wetu, wala kuzitelekeza kwenye nyumba ya kupanga.

Ninachokidai ni kidogo mno kiasi kwamba ni fedheha kukidai. Kila ofisi ya ustawi iwe na kabati linalofungwa na kitabu cha kuandika nani amechukua jalada. Kila mtu anayeandikiwa shauri aondoke na nakala ya makubaliano yake siku hiyohiyo, bure, na namba ya jalada imeandikwa juu kwa herufi za kusomeka. Muda wa kutunza majalada ya watoto uandikwe kwa miaka ya mtoto, usiandikwe kwa ukubwa wa chumba. Jalada likipotea, mwenye nalo aambiwe kwa barua yenye jina na saini ya mkuu wa ofisi, na ofisi ibebe kazi ya kuliunda upya kutoka mahakamani, hospitalini, shuleni na polisi. Asirudishwe yeye kwenye kiti kusimulia. Na Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu alipatie jalada la mtoto uzito uleule anaoipa hati ya malipo.

Bunge la bajeti linakaa Dodoma kuanzia Aprili. Mafungu ya wizara husika na ya TAMISEMI yatapita mbele ya wabunge wetu, ukurasa kwa ukurasa. Namwomba mbunge mmoja, wa chama chochote, asimame aulize: halmashauri ngapi zina mwongozo ulioidhinishwa wa kutunza na kuteketeza majalada ya ustawi wa jamii, na lini kwa mara ya mwisho kila moja iliteketeza kwa idhini na kwa orodha? Akijibiwa kwamba serikali inalifanyia kazi, ashike shilingi ya mshahara wa waziri, na asiirudishe mpaka orodha hiyo iwe mezani.